Ajuza wa Safu ya Tatu

Jumapili, 14 Septemba

Kwa dada yangu, Mama Pacha,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji na wale wapwa zangu wawili wanaogombania kila kitu, mpaka kivuli cha ukuta. Natumaini barua hii inakukuta umeketi, goti lako limepoa, na kile kikohozi cha shemeji kimepata dawa. Ukiniuliza mimi, mwili haujambo. Nakula, nalala, naamka. Mengine ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati simu ninayo. Tangu tumzike Mama tumekuwa tukiandikiana kwenye simu neno moja kila asubuhi. Unaniuliza kama sijambo, najibu sijambo, nakuuliza na wewe, unajibu hivyo hivyo, basi, hadi kesho. Sikulalamikii, kwa maana hata mimi sikuwa na zaidi ya hilo. Lakini nimejifunza majuzi kwamba mtu anaweza kujibu sijambo miaka na miaka huku ndani yake hamna kinachoendelea. Nitakueleza nilikojifunzia. Tena ya kwenye simu ningeyafuta kabla hujayasoma, najijua. Karatasi ikishadumbukia kwenye sanduku la posta, imekwenda.

Nivumilie kidogo nikueleze kazi yangu. Najua kila nikianza shemeji husinzia, lakini bila hilo hutaelewa nililolifanya.

Ninapofanyia kazi ni ukumbi usio na dirisha. Makabati ya chuma yamepangwa safu safu, na ndani yake mna kompyuta bapa, zile tunazoziita seva, zinavuma kutwa nzima kama mzinga wa nyuki. Mlango hufunguka kwa kadi. Simu haziingii. Unaiacha kwenye kabati dogo nje ya mlango na ufunguo unautia mfukoni. Ndani ni baridi, maana mashine zikipata joto zinaugua, na hewa hiyo hutoka kwenye matundu ya sakafu ikakupanda miguuni. Ndiyo maana Mama alikuwa akisema mwanawe wa mwisho ameajiriwa ndani ya friji. Ile sweta ya kijani aliyonifumia, yenye mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, ndiyo sare yangu. Yule fundi wa mitambo ya ubaridi, tunayemwita Fundi Baridi, alinishauri siku ya kwanza nitafute mtu mwenye mkono mmoja mrefu tushirikiane kuivaa. Baadaye aliizoea, akawa anauliza iko wapi nikiisahau.

Siku hizi seva moja si kompyuta moja. Kwa nguvu ya programu, ndani ya sanduku moja la chuma huishi kompyuta nyingi zisizo na mwili, kila moja ikijiona iko peke yake duniani. Chukulia sanduku ni nyumba ya kupanga na hizo ndizo wapangaji. Kila baada ya muda nyumba huhitaji mfumo endeshi mpya, yaani ule mfumo mkuu unaoiendesha, la sivyo inabaki na nyufa wanakopenya wezi. Basi tunawahamishia wapangaji wote nyumba ya jirani, wakiwa kazini vile vile, bila hata mmoja kujua kuwa amehama. Tunaitengeneza nyumba ikiwa tupu, tunawarudisha, tunakwenda nyumba inayofuata. Mzee aliyenifundisha, kabla hajastaafu, alikuwa akisema kwamba tukiifanya sawasawa hakuna atakayejua tumeifanya.

Safu ya tatu alikuwako mpangaji mmoja asiyehamishika. Tulimwita Ajuza. Mfumo wake ulikuwa wa zamani mno, nyumba mpya hazikuelewa lugha yake, na ukijaribu kumhamisha anazimia. Kwa hiyo alifungiwa kwenye sanduku lake kwa amri ndani ya programu, kwamba huyu asihamishwe. Na kwenye mlango wa kabati palibandikwa karatasi ya maandishi mekundu yaliyopauka: USIZIME. DAMU. Tuliambiwa, na sisi tukawaambia waliotufuata, kwamba Ajuza ndiye anayezijulisha hospitali damu ya kundi gani iko wapi. Akizimika, kuna mzazi atakosa damu kwenye meza ya kujifungulia. Nani angethubutu kumgusa?

Yule mzee alipoondoka aliniachia Ajuza jinsi mtu anavyoachiwa mgonjwa wa nyumbani. Mimi peke yangu nilijua amri zake. Na safu haipandi toleo jipya mpaka masanduku yote yawe sawa. Moja likibaki nyuma, yote yanabaki nyuma. Kwa hiyo kila msimu wa kupandisha mifumo likizo yangu ilikuwa ya kwanza kufutwa. Mwanzoni niliona ni heshima. Ni raha kuwa mtu asiyeweza kukosekana. Baadaye nikaanza kuota ule mlango wa kadi, nagusa kadi, taa inabaki nyekundu, nami niko upande wa ndani.

Mama alimjua Ajuza kama jirani. Kila akipiga simu, akishamaliza habari za mvua na za kuku wa watu wanaofukua bustani yake, aliuliza kama ajuza mwenzake hajambo. Nikisema anasumbua, alicheka akaniagiza nimwambie apunguze maringo, wenye magoti wote wanasumbua. Na hakuwa akikata simu. Unakumbuka? Alisema kukata simu ni kumfungia mtu mlango usoni. Aliiweka tu mezani akaendelea na shughuli zake, nami nilisikia anavyokunja mifuko ya plastiki iwe pembetatu, akiipigapiga kwa kiganja, mpaka nikate mimi. Mara nyingine sikukata. Nilikula chakula changu cha mchana nikimsikiliza anakunja mifuko.

Sasa nije kwenye siku ile. Uliponipigia ukaniambia Mama amebadilika, nije, nilikwenda kwa Bosi. Nimtendee haki, si mwanamke mbaya. Aliniuliza kama kuna mwingine anayeweza kukaa na Ajuza wakati safu ya pili na ya nne zinapandishwa, maana kuhamahama kwa majirani humtikisa. Hakuwepo. Wahandisi wa kutoka nje walikuwa wameshafika na kazi imeshafunguliwa katikati, kama nyumba iliyoezuliwa paa. Akanisihi nimalize siku hiyo moja tu, jioni gari la ofisi litanifikisha mpaka mlangoni kwenu. Nikaiacha simu kwenye kabati, nikaingia.

Mchana Ajuza akazimia. Nilipiga magoti kwenye ile sakafu ya matundu, kibodi nimeipakata mapajani, nikamwandikia amri moja baada ya nyingine, na vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Watu walisimama nyuma yangu kimya kama walio nje ya chumba cha upasuaji. Mwishowe kwenye kioo ukatokea mstari mmoja, wa kwamba yuko hai. Wakapiga makofi. Fundi Baridi akasema Ajuza huyu atatuzika sote na arithi makabati yetu. Nilitoka nikicheka, dada. Nilifungua lile kabati nikiwa bado nacheka. Simu zako zilikuwa zimejipanga kwenye kioo kutoka juu hadi chini. Kinachonirudia zaidi si zile simu, ni kile kicheko.

Mazishini nilisimama nyuma yako. Shangazi aliposema, kwa sauti ya kunifikia, kwamba kitinda mimba ndiye aliyenyonya hadi mwisho na ndiye aliyekuja baada ya mwisho, wewe ulimgeukia. Ulimwambia mdogo wako alikuwa akilinda damu ya watu, na kwamba kuna watoto wa wenzetu wenye mama leo kwa sababu mimi sikutoka mle ndani. Shangazi akajifunga mdomo. Nami nikajificha nyuma ya maneno yako kama mtoto nyuma ya gauni. Niliyaamini. Nilirudi nayo huku, na kila asubuhi nilipogusa kadi mlangoni niliyasema moyoni kabla taa haijawa kijani.

Tangu hapo umekuwa ukiniambia nije tukifungue chumba cha Mama. Umekifunga, ufunguo umeuvaa shingoni, na umesema hutagusa hata shuka bila mimi. Kila ukiniita, nimekujibu Ajuza.

Mwezi uliopita Bosi alituita akasema sasa basi. Safu zote zimepanda isipokuwa ya tatu, na waliotengeneza mfumo wa zamani hawatauziba nyufa tena. Alikuwa ameshawaandikia watu wa hospitali kuuliza habari za Ajuza. Wengine hawakujibu, na waliojibu walisema hawaijui mashine hiyo. Nikabisha. Nilisema wakubwa hawajui vilivyo jikoni kwao, watakaolia ni wauguzi. Bosi akasema vizuri, tuwasikilize hao wauguzi.

Katika kazi yetu kuna desturi ya mwisho kabisa, pale isipojulikana mashine inamtumikia nani. Huizimi. Unaikatia mawasiliano tu, ikiwa macho, kisha unakaa kimya unasikiliza nani atapiga kelele. Akitokea mtu, unairudisha papo hapo. Asipotokea, umepata jibu. Aliyepewa kumkatia Ajuza mawasiliano ni mimi, na ndimi niliyewekwa kando ya simu ya mezani. Nilikaa mkono mmoja juu ya kibodi, tayari kumrudisha. Siku ya kwanza simu ililia mara moja, nikaipokea kabla haijamaliza mlio. Alikuwa mlinzi wa getini, anauliza gari la nani limeachwa taa zinawaka. Fundi Baridi alicheka mpaka akaketi sakafuni. Alisema ningempokea hata Izraili kwa haraka ile.

Siku zikapita. Hakuna aliyelia. Hakuna hospitali, hakuna muuguzi, hakuna zahanati.

Nikafanya jambo ambalo kwa hofu ya kumgusa sikuwahi kulifanya. Nilifungua kumbukumbu za Ajuza nikatazama amekuwa akizungumza na nani. Nilirudi nyuma mwaka, nikarudi mwingine, nikaendelea kurudi. Aliyekuwa akizungumza naye ni mmoja tu, ile programu yetu wenyewe ya uangalizi, inayozipitia mashine zote kila dakika kuzijulia hali. Inauliza, uko hai? Naye anajibu, niko hai. Basi, ukurasa baada ya ukurasa. Nilipiga simu kwenye benki ya damu. Akapokea mama mmoja, kwa sauti ya mtu mwenye chakula mdomoni, akanieleza kwa upole kwamba shughuli hiyo ilihamia mahali pengine kabla yeye hajaajiriwa. Kisha akaniuliza kama nina mgonjwa ninayemtafutia damu. Nikamwambia hapana, mgonjwa sina.

Dada, nilipiga magoti kwa mashine isiyomtumikia mtu. Mama alikuwa akiniulizia na mimi nilikuwa namwamsha mpangaji ambaye hakuna aliyekuwa akimhitaji. Zile simu zako zote, na upande wa pili wa mizani yuko nani? Hakuna. Hakukuwa na damu, wala mzazi, wala watoto wenye mama kwa sababu yangu. Uliyomwambia shangazi hayakuwa kweli, ingawa wewe hukusema uongo.

Lakini hilo si lote, na hili linalofuata ndilo nililokuwa nalizunguka tangu juu ya karatasi.

Bosi aliponiuliza kama kuna aliyepiga kelele, nilimjibu yupo. Nilimtungia zahanati. Niliipa daktari mmoja na wauguzi wawili, nikasema iko mbali, bado inamtegemea Ajuza, na wamelia sana. Nikamrudishia mawasiliano yake. Nilipouona ule mstari tena, kwamba yuko hai, nililala usingizi kwa mara ya kwanza baada ya muda. Sikutaka faida yoyote, dada. Nilitaka tu Ajuza abaki na mtu, ili siku ile ibaki na maana yake. Nisingeweza kuishi na yote mawili, kumkosa Mama na kumkosa bure.

Uongo nao una mdomo, lazima ulishwe. Bosi akatangaza kwamba hakuna likizo kwa yeyote anayehusika na safu ya tatu mpaka ile zahanati itafutiwe njia nyingine. Wahandisi wakaanza kutafuta namna ya kuihamisha zahanati isiyokuwepo. Nami nikawa nawaletea majibu ya yule daktari wangu, leo yuko safarini, kesho umeme umekatika kwake. Mtego nilioutega mwenyewe, na bado nikawa naupaka mafuta usije ukakwama.

Fundi Baridi ni wa safu ya tatu, kwa sababu mtambo wake wa ubaridi ni mkongwe na yeye ndiye anayejua kuubembeleza. Wiki iliyopita akaacha utani. Nilifikiri ni uchovu. Jumatano mchana akavuta kiti akaketi mezani kwangu, kofia yake mkononi, akaniambia mzee wake kule nyumbani ameanguka na hasemi vizuri, na Bosi amemkatalia ruhusa kwa sababu ya ile zahanati. Hakunilaumu. Aliniomba kitu kimoja. Alisema kwa kuwa mimi ndiye ninayezungumza na yule daktari, na daktari ni mtu anayejua ugonjwa ni nini, basi nimwombee kwake siku mbili tu, aende akamwone mzee wake na kurudi. Akasema nimwambie daktari ni baba, hana mwingine.

Nilimwangalia nikajiona mimi, siku ile, mbele ya meza ya Bosi. Tofauti ni kwamba mimi nilifungiwa na watu wasiojua. Yeye nimemfungia mimi, na nilijua.

Niliinuka nikaenda moja kwa moja kwa Bosi nikamwambia hakuna zahanati. Alivua miwani akaiweka mezani. Aliniuliza kwa nini, nikamwambia, na nadhani ndiyo mara ya kwanza nimezungumza habari za Mama mle ofisini mpaka mwisho wa sentensi. Aliivaa tena miwani yake. Kisha akamwita Fundi Baridi akamwambia aende sasa hivi, dereva anamsubiri. Yule hakuuliza sababu. Alikimbia, akaacha bakuli lake la chakula mezani kwangu, kijiko bado kimesimama ndani.

Halafu Bosi akanirudisha ukumbini nikamalize. Niliketi mbele ya kioo nimevaa sweta. Niliandika amri ya kumwondoa Ajuza, na mfumo ukaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza. Haukuchukua muda wa kumeza mate. Ile programu ya uangalizi ikaendelea kumuuliza, uko hai, uko hai, taa ikawa nyekundu, mpaka nilipolifuta na jina lake huko pia. Kabla ya jioni safu ya tatu ilikuwa imepanda toleo jipya, sawa na wenzake. Hakuna aliyejua tumeifanya, kama alivyosema yule mzee.

Nimeambiwa nikae nyumbani wakati wakubwa wanaamua la kufanya na mimi. Sijui watasemaje. Nina siku nyingi mbele yangu ambazo hazina Ajuza, na kumbe chumba hiki nacho hakina upepo.

Jana Fundi Baridi aliniandikia kwenye simu. Amefika salama, na amemkuta mzee wake ameinuliwa kwenye mto anagombana na redio, ulimi mzito lakini matusi yanaeleweka. Bosi hakumwambia kitu. Ameniomba niwafikishie shukrani zake wale wa zahanati.

Nimekiweka humu kile kikaratasi chenye maandishi mekundu. Ukipenda, mwonyeshe shangazi. Usinisimamie tena mbele ya watu kwa yale maneno, dada, ulinifunika kwa shuka ambayo haikuwa yangu. Siombi unisamehe kwa barua. Ninaloomba ni kwamba ukiishaisoma usiniulize kama sijambo. Niambie ulicho nacho, hata kikiwa hasira. Nitakisoma nikiwa nimeketi.

Kuhusu chumba, sasa sina kisingizio, na ndicho kinachonitisha. Ukisema nije, nitakuja. Ukiona bora ukifungue peke yako, fungua, ufunguo ni wako na ni wewe uliyekuwepo. Ukiingia, mwambie Mama ajuza mwenzake alikuwa akimsalimu mpaka mwisho, na sasa naye amepumzika.

Msalimie shemeji, mwambie safari hii asisinzie. Wapwa zangu wabusu, mmoja mmoja wasije wakahesabiana. Nawe jitunze, goti usilipandishie ngazi.

Na kwenye droo ya chini, ukiikuta ile mifuko iliyokunjwa pembetatu, mingi aliikunja mimi nikiwa upande wa pili wa simu, sijakata. Ukiishika, unikumbuke.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda